Mkono Uliojifunza Kulegea

Nje kidogo ya Kitale, kila alfajiri, Jelimo ndiye aliyefika zizini kwanza. Ng'ombe wake mwekundu hakumtaka mtu mwingine. Kimeli, mume wake, akijaribu kumkamua, ndoo ilipigwa teke.

Mwaka 1994 Jelimo alipata kiharusi. Mguu ulipona, lakini mkono wa kulia ulijikunja ukawa ngumi. Akishika chuchu ya ng'ombe, hakuweza kuiachia. Na bila kuachia, maziwa hayatoki.

"Huo mkono ni mvivu," Kimeli alisema. Akampa gunzi la mahindi, akamwita kwa jina la binti yao. "Kaza, Mama Chepkorir! Kaza!"

Jelimo alikaza kutwa. Ngumi ikazidi kuwa ngumu.

"Basi ng'ombe aende kwa ndugu yangu Kibiwott," Kimeli alisema. "Mavuno yakiisha atakuja kumchukua."

Jelimo alilia. Akaomba apelekwe hospitali kwanza.

Huko walimkuta Nasimiyu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti kutoka Bumula. Alibandika nyaya kwenye mkono wa Jelimo. Nyaya hizo zilitoka kwenye kisanduku. Jelimo alijitahidi kufungua vidole. Kisanduku kikalia, "Tiii!"

Kimeli akapiga makofi. "Inalia! Kaza, mama, umeshinda!"

"Mzee, ngoja bana," Nasimiyu alicheka. "Hii mashine inalia msuli ukikaza. Sisi tunataka inyamaze."

"Ati inyamaze? Bila nguvu atapona aje?"

"Nguvu iko. Shida ni huu msuli wa kukunja, umesahau kupumzika. Masikio yake yatamsaidia kuufundisha. Mama, pumua pole pole. Sikiza. Legeza."

Sauti ikapungua, kisha ikanyamaza. Vidole vikafunguka kidogo. Jelimo alifurahi sana hata mwili ukasisimka, na kisanduku kikalia tena. Wote wakacheka.

Walirudi wiki baada ya wiki. Siku moja Nasimiyu alizima sauti.

"Sasa niambie wewe. Umekaza ama umelegeza?"

Jelimo alijua. Hata nyumbani, bila mashine, alijua. Kimeli naye alimnyoosha vidole taratibu, bila kelele. Haba na haba hujaza kibaba.

Mavuno yakaisha. Kibiwott akaja na kamba. Alimkuta Jelimo zizini, akibana, akiachia. Hakuwa mwepesi kama zamani, lakini ng'ombe alitulia na maziwa yaliingia ndooni.

"Shemeji, nimefuata ng'ombe," Kibiwott alisema.

"Umefuata chai," Jelimo alijibu. "Kaa chini. Maziwa ndiyo haya."