Matone Chini ya Mabati

Saa kumi na robo jioni, Ijumaa ya tarehe 12 Novemba 2004, chumvi ilishika kwenye kioo cha chupa. Chepkemei, mwanafunzi wa darasa la saba, aliigeuza chupa ya soda mkononi na kuitazama tena. Ndani alikuwa ametia punje za mahindi na chumvi kavu, akaitikisa kwa dakika tatu na kuiacha robo saa, kama mama alivyomfundisha. Mahindi yakiwa makavu, chumvi huanguka chini. Hii ilikuwa imeng'ang'ania kando za chupa.

Uani, juu ya turubai, yalikuwa yameanikwa mahindi ya kujaza magunia kumi na mawili, chakula chao cha mwaka mzima. Alfajiri, kabla ya kwenda Kamukuywa kumjulia hali dada yake, mama alikuwa amesema, "Yasipokauka, kesho huendi popote. Utakaa uyageuze." Na kesho yake darasa la saba lilikuwa na ziara ya makumbusho mjini Kitale.

Mama alirudi saa kumi na moja. "Chumvi ilisemaje?"

"Ilianguka yote, Mama."

Mama akawaita vijana wa jirani. Kabla ya giza kuingia, magunia yalikuwa yamepangwa ghalani, na asubuhi Chepkemei alikwenda Kitale.

Jumamosi ya tarehe 4 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, mama aliingia ghalani na tone la maji likamwangukia shingoni. Aliinua macho. Mabati yalikuwa yamejaa matone, na magunia ya juu yalinuka uvundo.

"Mukhisa ameniua," alisema.

Mukhisa alikuwa fundi aliyeezeka ghala hilo mwezi wa Agosti. Alikuja kwa baiskeli, akapanda juu na kukagua msumari mmoja mmoja. Chepkemei alimshikia ngazi.

"Mama Chepkemei, hapa hakuna tundu."

"Sasa maji yanatoka wapi?"

"Sijui yanatoka wapi. Najua hayakupita kwa msumari wangu."

"Ati fundi hajui. Si ungebaki kuezeka vyoo, bana?"

Wanawake waliokuwa wakipita kwenda sokoni walicheka. Mukhisa alikunja ngazi yake akaondoka. Kufikia Jumatatu, maboma mawili yaliyokuwa yamempa Mukhisa kazi ya kuezeka yalikuwa yamemwambia asije.

Jumatatu hiyo mama alimwita Mwalimu Wekoye, jirani yao aliyefundisha sayansi, aje aone uharibifu ili awe shahidi wake atakapomshtaki Mukhisa kwa chifu. Mwalimu alifika saa moja asubuhi. Alitazama matone, kisha akauliza, "Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

"Imepita wiki mbili."

"Na paa linavuja leo?"

Mwalimu alifungua gunia, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. "Chepkemei, hebu weka mkono wako hapa."

Katikati ya gunia kulikuwa na joto kama la uji uliopoa kidogo.

"Punje mbichi ina maji ndani yake," mwalimu alisema. "Hayo ni kimiminika. Mahindi mabichi yakifungiwa hupata joto, na joto huyageuza maji kuwa mvuke. Mvuke ni gesi, huuoni. Unapanda hadi kwenye mabati, nayo usiku yamepoa. Hapo mvuke unapoteza joto na kurudi kuwa maji. Paa halikuvuja, Mama Chepkemei. Mahindi yenyewe ndiyo yaliyonyesha."

"Lakini yalipimwa kwa chumvi. Huyu hapa ndiye aliyepima."

Wote wawili walimgeukia.

"Ilishika," Chepkemei alisema.

Mama naye alitumbukiza mkono kwenye gunia. "Ulitaka kwenda Kitale."

"Ndiyo, Mama."

Walifungua magunia yote. Saba yalikuwa na ukungu wa kijani na njano. Mama aliuliza kama angeweza kuyaosha, au walau kuwapa kuku.

"Wala kuku," mwalimu alisema. "Mwaka huu huu watu wamekufa Ukambani kwa mahindi ya namna hii. Hata ukiyachemsha, sumu ya ukungu haitoki." Kisha akamgeukia Chepkemei. "Ile chupa ilikuambia kweli. Kipimo hakina faida kikishikwa na mwongo. Umemlaza mama yako njaa, na mtu asiye na kosa amechafuliwa jina. Kweli ingekugharimu siku moja tu."

Walichimba shimo siku hiyo hiyo na kuyafukia magunia saba. Mengine matano waliyaanika upya kwa siku sita, Chepkemei akiyageuza kila saa. Alipopima, mama alisimama kando yake. Chumvi ilianguka.

Jumatatu iliyofuata walikwenda kwa Mukhisa. Walimkuta akinyoosha misumari iliyopinda. Mama aliomba radhi kwanza, kisha Chepkemei akaeleza yote, tangu chupa hadi ngazi aliyoishikilia akiwa kimya.

Mukhisa alisikiliza hadi mwisho. "Mama, ulinitusi mbele ya wapita njia. Radhi unaniomba hapa, kwangu, tukiwa watatu."

Mama aliinamisha kichwa. "Jumapili nitasema kanisani, mbele ya watu wote."

"Sawa," alisema Mukhisa, akachukua msumari mwingine.

Jumapili, baada ya ibada, mama alisimama akasema kuwa paa la Mukhisa halikuvuja. Chepkemei alisimama kando yake. Mukhisa hakuwepo.