Picha Pekee ya Mtoto

Mchonga mawe ya makaburi na mkewe wana karakana ndogo mbele ya nyumba yao. Mke hupanga majina na picha kwenye kompyuta. Mume huzichonga kwenye jiwe. Karakana ina soketi moja tu. Mume akitaka kukata jiwe, huchomoa plagi ya kompyuta na kuchomeka ya mashine. Ndivyo walivyozoea.

Siku moja alikuja mama aliyefiwa na binti yake mdogo. Mke akahamisha picha ya mtoto kutoka kwenye simu ya yule mama. Wiki hiyohiyo simu ikaibwa.

"Sina nyingine," mama wa mtoto alikuja kusema. "Mnayo nyinyi tu."

"Ipo salama, dada," mke akamjibu.

Haikuwa salama. Asubuhi iliyofuata kompyuta ilionyesha kioo cheusi, na maandishi kwamba mfumo endeshi haupatikani. Mfumo endeshi ndiyo programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuiongoza. Bila huo, kompyuta ni sanduku tu.

Mke akamwita kaka yake, dereva wa lori. Mtaani wanamwita Haraka.

"Niachieni mimi," alisema Haraka.

Alikwenda kwenye duka la intaneti, akapakua mfumo mpya wa bure. Akanakili faili lake kwenye flashi, kama mtu anavyonakili nyimbo. Akarudi, akaichomeka. Kompyuta haikujali.

"Labda ina njaa," alisema mume.

"Shemeji, chonga mawe yako."

"Mawe yangu angalau hayagomi."

Haraka akachoka. "Basi tumpelekee fundi yeyote. Afute yote, aanze upya."

"Afute?" mke aliuliza. "Na picha je?"

Mke akajifunga khanga, akaenda kwa jirani anayesimamia maabara ya kompyuta shuleni. Watu humwita Mama Waya. Alikuja na kompyuta yake ya mkononi. Hakugusa kitu kwanza.

"Humu mna nini ambacho hakipo mahali pengine?"

"Picha ya mtoto wa watu," mke alisema kwa sauti ndogo. "Marehemu."

Mama Waya akavuta kiti. "Basi hatufuti kitu mpaka tuipate."

Akaitazama flashi ya Haraka. "Kupakua hukukosea. Umekosea kunakili. Faili hili ni kama kitanda kilichofungwa vipandevipande ndani ya boksi. Ukiliweka boksi chumbani, utalala wapi? Lazima kifunguliwe, kiungwe. Kuna programu maalumu ya kazi hiyo. Inaiandika flashi upya, ili kompyuta iweze kuwaka kutoka humo. Lakini kila kilichomo kwenye flashi kitafutika."

"Subiri kwanza," alisema Haraka. "Humo mna nyimbo za harusi yangu."

"Nyimbo zako unazionea huruma," dada yake alimwambia. "Picha ya yule mtoto ulitaka ifutwe."

Haraka akainamisha kichwa. Alikwenda kununua flashi tupu, ya gigabaiti nane.

Mama Waya alipakua faili upya kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. "La kuokota linaweza kuwa na virusi," alisema. Akachomeka flashi tupu kwenye kompyuta yake, akafungua ile programu. Akachagua faili, kisha akasimama.

"Hapa ndipo watu wanapolia. Inauliza iandike wapi. Ukichagua diski ya kompyuta badala ya flashi, umefuta kila kitu chako. Soma jina. Soma na ukubwa."

Mke akasoma kwa sauti. Ilikuwa flashi. Wakasubiri mpaka programu ikasema imemaliza. Ndipo wakaitoa.

Mama Waya akaichomeka kwenye kompyuta iliyogoma. Akaiwasha huku akibonyezabonyeza kitufe cha F12. "Mashine nyingine zina kitufe kingine. Mara nyingi huandikwa kwenye kioo zinapowaka." Orodha ikatokea. Akachagua flashi.

Yakaja maneno mawili: Jaribu, na Sakinisha. Kidole cha Haraka kikanyooka.

"Mkono wako," alisema Mama Waya. "Sakinisha huuweka mfumo ndani ya kompyuta, na inaweza kufuta diski. Jaribu inatumia flashi tu. Tunaingia, tunachukua chetu, tunatoka."

Mfumo ukafunguka kutoka kwenye flashi. Mama Waya akafungua diski ya kompyuta. Mke akatafuta mwenyewe, folda moja baada ya nyingine. Uso wa mtoto ukatokea. Mume akavua kofia yake.

Waliinakili picha kwenye flashi nyingine, na kwenye kompyuta ya Mama Waya pia. Wakafanya hivyo kwa kazi zao zote. Mama Waya akaipima diski, akaikuta nzima. Hapo ndipo walipochagua Sakinisha.

"Nani huizima hii kompyuta?" aliuliza Mama Waya.

"Mimi huichomoa," alisema mume.

"Ikiwa inafanya kazi?"

"Mashine inataka soketi."

"Kaka, umekuwa ukiikata pumzi kila siku. Jana uliikata ikiwa inaandika mambo yake. Leo haikuamka."

Mume alimgeukia mkewe. "Kumbe ni mimi."

"Ni wewe," mke alisema. "Kamtafute fundi umeme."

Sasa karakana ina soketi ya pili. Kompyuta huzimwa kwa utaratibu. Picha ya mteja ikiingia, hunakiliwa mahali pengine kabla kazi haijaanza.

Mama wa mtoto alikuja kuona picha itakavyokaa kwenye jiwe. Walimwekea stuli mbele ya kioo cha kompyuta. Mke alikuwa ameisafisha picha, akaondoa vivuli, akaziba na pengo la jino la mbele.

Mama aliitazama sana.

"Mrudishieni pengo lake," alisema. "Alikuwa anajivunia."

Mke akalirudisha. Mume akachukua patasi ndogo kuliko zote.