Ruhusa kwa Wote

Kompyuta ile ilianza kunuka nywele zilizolowa. Haikuwa harufu ya waya unaoungua, hiyo mshonaji aliijua. Hii ilikuwa ya mtu aliyetoka kuoga akaja kukusimamia mgongoni wakati unatunga uzi kwenye sindano.

Harufu ilianza jioni ileile aliyokuja Bofya, mdogo wa marehemu mumewe. Walimwita hivyo kwa sababu hujamaliza kumweleza tatizo, yeye ameshabofya. Marehemu aliacha nyimbo alizojirekodi akimbembeleza binti yao, na kompyuta mpya ya nyumbani, iliyowekewa diski yake ya zamani, ilikataa kuzifungua. Mjane akiweka neno la siri, inamjibu: "Huna ruhusa." Akirudia, jibu lilelile, kama karani mwenye njaa.

"Faili zinamtambua kaka peke yake," Bofya alisema. "Ilitakiwa nikuandike wewe uwe mwenye ruhusa, lakini hiyo ina mzunguko mrefu. Naweka 'wote', tumemaliza."

"Wote kina nani, shemeji?"

"Wote ni wote. Kwani humu ndani mko wangapi?"

Walikuwa wawili, yeye na binti mdogo asiyejua hata kufunga viatu. Fundi mvivu hulala yeye, anayekesha ni mwenye nyumba. Lakini sauti ya marehemu ilipojaa sebuleni, mjane alilia, na mwenye kulia haulizi maswali.

Baada ya siku chache wimbo uliota ubeti mpya.

Sauti ni ya mumewe, hata kile kikohozi chake kimo, ila maneno hayakuwa yake: yalimwambia mtoto asogee, asogee tena, aweke sikio hapa. Mjane akachomoa waya ukutani, lakini feni ya kompyuta ikaendelea kuzunguka polepole, ikivuta na kutoa kama kifua cha mgonjwa, na ile harufu ya nywele ikatambaa chini ya meza mpaka kwenye nguo za wateja, na kila gauni lililotundikwa likajaa kifuani kana kwamba kuna aliyelivaa, na binti aliyekaa chini ya magauni hayo akawa anaitikia kwa sauti ndogo, "Ndiyo. Ndiyo. Njoo."

Bofya alirudi bila utani mdomoni. Akachomeka waya, akajaribu kuiondoa ile "wote".

Kompyuta ikamjibu: "Huna ruhusa."

"Shemeji," akanong'ona, "hatoki huyu. Tuivunje diski yenyewe."

"Na sauti ya kaka yako?"

"Inakwenda nayo. Hakuna nakala."

Mjane alimtazama binti, akatazama lile sanduku la kompyuta alimobaki mumewe. Sauti ya maiti hailei mtoto. Bofya alipoitoa diski, hakumwachia aivunje. Alichukua pasi yake nzito akaiponda mwenyewe, mpaka vipande vikawa vya kuzolewa kwa ufagio.

Harufu ikakatika. Magauni yakanywea. Bofya akaaga haraka, hata mlango hakuurudishia.

Mjane akampakata mwanawe, akaficha uso kwenye nywele zake. Zilikuwa zimelowa.

"Mama," binti alisema taratibu, "baba ameondoka."

"Najua, mwanangu."

"Ila huyu mwingine anauliza, yeye alale upande upi wa kitanda."