Matumbawe ya Mwamba Uliofungwa

Krr. Krr. Krr.

Alfajiri ilikuwa bado. Pampu ya tangi la kioo, kule sebuleni, ilikuwa ikivuta hewa badala ya maji.

Apolonia alifumbua macho kwenye mkeka wa jikoni. Kwa mwenye nyumba hii ya Kilwa Masoko, yeye alikuwa dada wa kazi. Kwa wakubwa wake Dar es Salaam, alikuwa jasusi wanayemtuma wengine wakishashindwa.

Aliwasha tochi. Maji yalikuwa yameshuka. Joto huyapunguza maji lakini chumvi hubaki, na chumvi ikizidi matumbawe huungua polepole. Alimimina maji ya mvua taratibu, pembeni, huku akitazama kipimo cha chumvi.

Pampu ikatulia.

Maji hayo alipewa na jirani, Bibi Mwanahija. Visima vya mtaa vina chumvi, na bibi alimwona dada mgeni akihangaika na dumu tupu. "Chota kwangu, mwanangu," alisema. "Usiwe unaomba." Hakuuliza ya nini.

Bibi huyo na wenzake ndio walioufunga mwamba wao ili pweza wakue. Mwamba ukifungwa, hakuna mtu anayeukanyaga, hata mwenye njaa. Dominick, mwenye nyumba, aliona hiyo ndiyo nafasi ya kuiba bila kuonekana. Alishuka na tindo akayabandua matumbawe kama mtu anayebandua vigae vya msikiti.

Sauti ikakwaruza sikioni, chini ya kitambaa cha kichwa.

"Maua ya shangazi?" Alikuwa Musa, mwenzake wa kazi, kwenye boti ya doria, akiyauliza matumbawe kwa fumbo lao.

"Mabichi."

"Mnunuzi anakuja asubuhi hii. Injini inatusumbua. Wacheleweshe. Na Dominick aseme mwenyewe alikoyatoa, la sivyo atadai ameokota."

"Yakiondoka?"

"Yatakufa njiani. Yarudi mwambani hai."

"Nimekusoma."

Apolonia alichukua brashi laini. Akayapapasa matumbawe, moja baada ya jingine. Vidole vya matumbawe, vya kijani na zambarau, vikajikunja vikaingia ndani. Tangi likabaki na mawe ya kijivu.

Tumbawe lenye afya ndivyo lilivyo. Likiguswa hujificha, likiachwa hufunguka. Dominick hakulijua hilo. Alijua bei tu.

"We dada! Suruali yangu!"

"Tayari bosi, nimeipiga pasi."

Dominick alitoka chumbani na miwani ya jua, ndani ya nyumba, kabla ya jua. Bastola yake, Makarov, ilichungulia kiunoni ili kila mtu aione.

Mnunuzi aliingia na viatu vyake vinavyong'aa. Alijiita Krantz. Mlangoni palikuwa na ndara zimepangwa, alizikanyaga. Akainama tangini.

"Yamekufa."

"Yamelala tu!"

"Umeniokotea takataka za ufukweni."

Dominick alivimba kama bunju.

"Takataka? Nimeyakata kwa mkono wangu! Kwenye mwamba wa vile vibibi vya pweza, vyenyewe vimekaa nyumbani vinaulinda kwa dua!"

"Asante, bosi," alisema Apolonia, akiegemea fagio la kudekia. "Kibanio changu cha nywele kimekurekodi vizuri."

Dominick alichomoa Makarov.

Tik.

Tik.

Apolonia alifungua kiganja. Risasi zote zilikuwamo.

"Bastola uliisahau kwenye suruali uliyonipa nifue, nikazitoa. Mtu mzima hujui hata kilichomo mfukoni mwako."

Krantz alikimbilia mlangoni. Vigae vilikuwa na povu la sabuni alilolimwaga Apolonia akidekia nyuma yao, na viatu vyake havikujua heshima ya sakafu iliyodekiwa. Aliruka kama samaki, akatua kwa kisogo. Dominick alimfuata juu yake, baada ya mpini wa fagio kumpitia miguuni. Apolonia, pekupeku, hakuteleza.

Musa aliwakuta wamefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Ndio hawa tu?"

"Ndio hawa. Wabebe. Lakini anza na matumbawe, hao wana thamani ndogo."

Matumbawe yalirudi mwambani ndani ya maji yake yaleyale, Bibi Mwanahija akiwa botini. Jua lilipopinda, kidole kimoja cha kijani kilichungulia. Kisha cha pili. Kisha mwamba ukachangamka wote.

"Shikamoo, Bibi. Yale maji ya mvua nilikuwa nayapa haya matumbawe."

"Marahaba." Bibi aliinama kuyatazama. Kisha akacheka huku akifuta macho kwa kanga. "Na mimi nikadhani unapenda kuoga!"

Pwani, Apolonia alimrudishia Bibi maji, dumu limejaa. Akachukua ndara zake mkononi, akaenda kwenye bodaboda bila kugeuka.

"Mwanangu!" Bibi aliita. "Mwamba tukiufungua, uje tena! Usije kikazi. Njoo ule pweza."