Chupa ya Kahawia

Kiplimo, mtoto wa darasa la pili kule mtaa wa Langas, alikuwa mgonjwa. Macho yake yalikuwa manjano, na chakula hakikukaa tumboni. Daktari alitaka mkojo wake wa asubuhi upimwe. Akampa mama yake, Jepchumba, kikopo kipya chenye kifuniko. Kikopo hicho kilionyesha kila kilichomo.

"Nipite na hiki mbele ya Ciku?" Jepchumba alijiuliza. Ciku aliuza mboga za sukuma wiki njiani, na mdomo wake haukuwa na mlango.

Jikoni kulikuwa na chupa ya kahawia. Mama mkwe wake, ambaye wote nyumbani humwita Kogo, yaani nyanya, aliweka humo dawa ya mizizi ya mgongo wake. Dawa ilikuwa imeisha. Jepchumba akaiosha chupa kwa sabuni, akaisuuza mpaka maji yakatoka safi. Akamimina mkojo humo, akampita Ciku kichwa juu. Karibu na lango la hospitali akaumimina kwenye kikopo. Hakuna aliyemwona.

Majibu yalipotoka, daktari alimwambia, "Mama Kiplimo, mashine imeonyesha kwa huu mkojo kuna dawa ya mizizi. Mizizi mingine huumiza ini. Nani alimpa?"

Jepchumba alirudi nyumbani amefura kwa hasira.

"Mama, umemnywesha mtoto mizizi yako!"

"Mimi? Ile ni dawa ya mgongo. Mtoto ana mgongo gani?"

"Mashine haisemi uongo!"

Kogo alifunga nguo zake kwa leso, akaenda kwa binti yake aishiye mtaa wa Kimumu. Kiplimo alimlilia mpaka sauti ikakauka.

Siku zikapita. Macho ya mtoto yalizidi kuwa manjano, ingawa Kogo na mizizi yake hawakuwepo. Jepchumba akarudi maabara, akamwuliza Oluoch, mpimaji, "Mlijuaje ni mizizi?"

"Tunatikisa mkojo na maji maalum. Hayo maji yanavuta vitu vya mmea, vingine yanaviacha. Tukiyakausha, kinabaki kitu kidogo sana. Jicho halikioni, lakini mashine inasema ni kitu gani na ni kiasi gani."

"Kidogo kama chumvi ya mboga?"

Oluoch akacheka. "Chumvi ya mboga ni mlima, Mama! Koroga punje moja kwa pipa la maji. Mashine itaionja."

"Na chupa ikishaoshwa na sabuni?"

"Bado kitu hubaki. Ndiyo maana tunawapa vikopo vipya."

Jepchumba angeweza kuaga aende zake. Benchi nyuma yake lilijaa watu.

"Niliutia kwa chupa ya dawa ya Kogo," alinong'ona.

"Sijasikia, Mama."

Ikabidi arudie kwa sauti. "Niliutia kwa chupa ya dawa. Niliona haya kubeba mkojo njiani."

Oluoch hakumcheka. Alimpa kikopo kingine. "Afadhali umesema. Tungezidi kulaumu mizizi, na mtoto anaumia."

Asubuhi iliyofuata Ciku aliita, "Mama Kiplimo! Hiyo ni soda gani unatupitishia?"

"Ni mkojo wa mtoto. Unaenda kupimwa."

Ciku akageukia mboga zake. "Haya. Mungu amponye."

Safari hii hapakuwa na mizizi. Daktari akapima damu, akakuta ugonjwa wa ini unaoletwa na maji machafu. Jepchumba akaanza kuchemsha maji yote ya kunywa. Kiplimo akapumzika, na pole pole macho yakarudi meupe. Lakini kitanda cha Kogo kilikuwa bado kitupu.

Jepchumba akaenda Kimumu. Alisimama mlangoni, macho chini.

"Umekuja kupima mkojo wangu pia?" Kogo aliuliza.

"Mama, mashine haikusema uongo. Mwongo nilikuwa mimi. Mizizi ilitoka kwa chupa yako, na niliyeitumia ni mimi. Nisamehe."

"Na chupa yangu iko wapi?"

"Iko juu ya kabati. Nimeandika: DAWA YA KOGO, ISIGUSWE."

"Nitajuaje umeandika nini? Mimi sikuenda shule."

"Kiplimo atakusomea. Anakungoja."

Kogo aliinuka, mkono mgongoni, akaanza kutafuta leso yake.