Mkono wa Kushikia Randa

Maranda yaliyokuwa chini ya meza ya Fundi mchana ule hayakuwa ya mbao yoyote aliyoijua Mama Vanishi, na mbao alizijua. Mumewe akiunda kitanda, yeye ndiye hukipiga vanishi mpaka mteja ajione usoni; ndiyo maana ya jina. Akaokota moja. Jepesi, limejikunja, linapitisha mwanga. Akalinusa. Lilinuka kwato iliyoguswa na moto.

"Baba, umeranda nini?"

"Sijagusa ubao leo," alijibu mumewe, Fundi, kutoka uani.

Randa yake ya kulainishia mbao Fundi aliipata kwenye rundo la vyuma chakavu, kutu tupu, mwili wake wa mbao umekuwa mweusi kwa jasho la watu. Chuma chake alikiloweka kwenye siki, akakinoa mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkononi. Kilichomkera ni mshiko. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameuchimba kwa kuushika: vijishimo vinne, virefu, vyembamba, vimeachana kuliko vidole vya mtu vinavyopaswa kuachana. Fundi akavifuta kwa tupa na msasa, akauchonga mshiko upya kwa kipimo cha kiganja chake kinene, kisha akapasha msumari moto na kuchoma herufi ya jina lake.

"Sasa ni yangu. Iacheni inizoee."

"Ikuzoee wewe? Mimi nimezaliwa nikakukuta, na bado sijakuzoea," alisema dada yake, aliyekuja kuazima ngazi na, kama kawaida yake, akabaki mpaka chakula.

Walikuwa mezani waliposikia randa ikipita. Shwaa. Kimya. Shwaa. Karakana ilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba hicho, mlango umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Fundi, na Fundi yuko hapo anatafuna, tena anatafuna kwa mwendo uleule wa sauti.

"Wifi," dada mtu alinong'ona, "nani yuko huko?"

"Inajizoesha," Fundi alisema, akajiongezea mchuzi.

Ndipo Mama Vanishi alipoutazama mkono ulioshika upawa. Sugu zote, zile zilizomkwaruza tangu siku ya harusi, hazikuwepo, na kiganja kilikuwa laini kama kimepigwa msasa mara ya mwisho kabla ya rangi, hakina mstari hata mmoja, na vidole, ambavyo pete ilihitaji sabuni kuvitoka, vilikuwa vimechongoka na kurefuka, na kila sauti ile ilipopita nyuma ya ukuta kidole kimojawapo kilitetemeka kidogo, kama ubao unavyotetemeka chini ya chuma.

Akalitoa pindoni mwa kanga lile randa aliloliokota chini ya meza, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa na mistari midogo ya duara, duara ndani ya duara, ile ile ambayo mtu huiacha akibonyeza dole gumba kwenye wino.

"Mkono hauumi?" alimuuliza mumewe.

"Hata. Tena naona unanikaa vizuri."

Wifi akamleta mtaalamu wake. Alikuja amevaa miwani ya jua, manukato yakimtangulia, akianza kutaja kwa sauti nene majini aliowahi kuwafunga. Mama Vanishi alikuwa tayari ameshamchoka. Lakini bwana yule alipoelezwa habari ya mshiko na kuushika mkono wa Fundi, alivua miwani, na chetezo alichokuwa ameanza kukipanga akakirudisha ndani ya mkoba.

"Mama," alisema polepole, "vile vishimo vilikuwa mkono wa mwenye randa wa zamani. Ndipo alipokuwa akikaa. Bwana wako amevifuta, na yeye sasa anajichongea mwingine. Akimaliza mkono, sijui kama atatosheka."

"Nikivirudisha?"

"Wahi. Mimi hapa sina dawa."

Mama Vanishi aliuweka mkono wa mumewe juu ya mshiko, akavichora vidole kwa penseli, maana umbo lililotakiwa lilikwisha kuwa pale, kwenye nyama. Kisha akachukua patasi nyembamba. Alichimba huku harufu ya kwato ikimjaa kooni, huku patasi ikimponyoka kwenda yenyewe pale palipotakiwa, kina hiki, pembe hii, na nyuma ya shingo yake pumzi ya mtu anayesimamia kazi, pumzi ambayo haikuwa ya wifi, maana wifi alikuwa mlangoni akilia, wala ya Fundi, aliyekuwa mbele yake amefumba macho. Alipokipuliza kishimo cha mwisho, pumzi ile ikakoma. Harufu ikakatika.

Randa ikarudishwa kwenye vyuma chakavu jioni ileile. Juma zima, nyuma ya ukuta, kimya. Sugu hazikurudi, vidole havikunenepa, lakini Fundi alicheka tena, akala, akagombana na dada yake kuhusu ngazi. Mama Vanishi akajiambia mkono si kitu, mume amebaki.

Mchana mmoja walijilaza kwenye mkeka barazani. Fundi alikuwa akikoroma, kinywa wazi, usingizi wa kweli. Mkono wake wa kulia ukajiinua, ukatua begani kwa mkewe. Akatabasamu bila kufumbua macho. Ukamshuka taratibu mpaka kwenye kiwiko, ukarudi juu, ukashuka tena, kidole kikisimama kwenye kila kovu, kila mfupa uliojitokeza, kama fundi anavyoupapasa ubao mpya kujua nyuzi zake zinalalia upande gani.