Kirukanjia wa Kwenye Msonobari

Kila Jumatano ya mwezi wa Juni, Hester Stickland akishakula na kuosha vyombo, huvaa buti za mpira na kufuatana na watu wa kijiji kwenda nyikani kuhesabu virukanjia. Ndege hao hulala mchana kutwa chini, kati ya vichaka. Jua likizama, dume huanza kutoa mlio mmoja mrefu kama wa cherehani. Watu humpungia leso nyeupe, naye akidhani ni dume mwenzake mwenye mabaka meupe, huja kumtazama.

Jumatano hii Hester alikuwa mashakani. Shuleni alikuwa amejigamba kwamba kirukanjia wa kwenye msonobari anamjua yeye kwa sura. Sasa walikuwa wamesimama chini ya msonobari huo nusu saa nzima, wakiliwa na visubi, na ndege hakuna.

"Vipi, rafiki yako amehama?" Rufus, mwanafunzi mwenzake, alimnong'oneza. "Au umemkopesha hela?"

Hester alishikwa na aibu. Akanyata hadi nyuma ya kichaka cha miiba, akakunja ulimi na kuanza: trrrrrrr.

Loo, leso zikatoka. Watu wazima saba wakapungia kichaka kwa heshima zote. Bwana Cobb, aliyesahau leso nyumbani, alivua soksi yake nyeupe akaipunga kwa nguvu, huku amesimama kwa mguu mmoja.

Bi Prowse, mwenye daftari la hesabu, alitoa kalamu.

"Dume mmoja, msonobari," alisema. "Bwana Cobb, kamba ya uzio wa kuzuia watu na mbwa wasikanyage viota tunayo moja tu. Kesho itoe kule bwawani uizungushie hapa. Bwawani hatujasikia kitu wiki mbili."

 Bwawani ndiko Hester alikoona mayai mawili ya kirukanjia juzi, yamelala juu ya ardhi tupu, na mbwa wa kijiji kizima hupita pale. Hakuwa amemwambia mtu, maana alitaka siri iwe yake.

Akatoka kichakani, majani yamemjaa kichwani.

"Bi Prowse, usiandike."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Huyo ndege ni mimi. Na bwawani kuna mayai. Naomba kamba isitolewe."

 Rufus alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ina maana nimempungia soksi binti wa Stickland?" aliuliza Bwana Cobb.

"Na umeipunga vizuri," Bi Prowse alimjibu. Kisha akamkabidhi Hester daftari na kalamu. "Kamba itabaki bwawani. Sasa andika sifuri hapo."

Hester aliandika kisifuri kidogo, hafifu.

"Ikoleze isomeke," alisema Bi Prowse. "Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu, lakini hii yako ingepita juu ya mayai ya watu wasio na kosa. Usiposikia kitu, andika hukusikia. Hiyo sifuri yako ndiyo hesabu ya kweli pekee tuliyopata jioni hii."